Kwa Nini Hatukumbuki Tulivyolelewa

Kaeni vizuri, wanangu, maana jambo lenyewe ni zito na halitaki haraka.

Zamani hizo ubongo wa mwanadamu ulikuwa laini kama yai lililomenywa. Haukuwa na mikunjo. Haukuwa na sehemu yake ya kuona huko nyuma, wala ya kusikia pembeni, wala ya kupanga mambo hapa mbele, nyuma ya paji la uso. Kazi zote zilifanyika mahali pamoja, na mtu alizifanya kwa kukusudia. Aliyetaka kuinua mguu aliuwazia kwanza. Hata pumzi ilikuwa hivyo: mtu aliivuta kwa kukusudia na kuishusha kwa kukusudia, maisha yake yote.

Ubongo ule ulikuwa na jema moja kubwa. Haukusahau kitu. Mzee aliweza kukueleza siku aliyozaliwa, harufu ya mikono iliyompokea, na nyimbo alizoimbiwa kabla hajaota jino.

Usingizi ndio uliokuwa na hatari. Mtu akilala hakusudii lolote. Kwa hiyo hakuna aliyelala peke yake. Mmoja alipolala, mwenzake alikaa kando, kamwekea mkono kifuani, akimwambia polepole, "Vuta. Shusha." Na yule, humo humo usingizini, alisikia na kutii. Mke alimlinda mumewe, kisha wakapokezana. Aliyekosa mtu wa kumlinda hakuishi muda mrefu.

Katika milima yetu hii ya Upare alikuwako mhunzi mmoja, jina lake Sangiwa, na mkewe Nakijwa. Walikaa miaka mingi bila mtoto, hata wakampata binti, wakamwita Nanzia. Mtoto mchanga wakati ule alikuwa kazi kubwa kuliko sasa, kwa sababu hakujua kupumua hata akiwa macho. Ilibidi aambiwe usiku na mchana, mpaka azoee. Sangiwa na Nakijwa walipokezana bila kulalamika. Dada yake Sangiwa, Namkunda, alikuwa akija asubuhi kuwasaidia, ili mmoja wao akilala awe na wa kumlinda, na mtoto awe na wake.

Nanzia hajaanza kukaa, Sangiwa akajikata mguu kwa jembe alilokuwa akilinoa. Kidonda kikaoza, homa ikampanda, akawa mtu wa kulala tu. Usiku ulipoingia, Namkunda akiwa kwake, Nakijwa akawaweka wote wawili kwenye mkeka mmoja, mume kulia na mtoto kushoto, mkono huu kifuani kwa huyu na mkono ule kwa yule. Lakini pumzi ya mtu mzima ni ndefu, na ya mtoto ni fupi na ya haraka. Nakijwa alikuwa na sauti moja. Alipofuata kipimo cha mume, midomo ya mtoto ilibadilika rangi. Alipofuata cha mtoto, mume alitweta kama mtu anayepanda mlima.

Sangiwa akaamka, akamgeukia mkewe. Kisha akamwambia, "Nakijwa, mshike mtoto."

Mkewe akajibu kwamba atawaweza wote.

"Huwezi. Nimekusikia. Ukiniambia mimi nishushe, na yeye anashusha. Mimi nimeishi, mke wangu. Mshike mtoto."

Sangiwa aligeukia ukutani, akajipumulia mwenyewe kadiri alivyoweza kukaa macho. Nakijwa naye alimpa mgongo, kwa kuwa hakuweza kutazama, akamwinamia Nanzia na kusema, "Vuta, shusha, vuta, shusha," kwa haraka ile ya kitoto. Alisikia pumzi ndefu nyuma yake. Akaendelea kusema. Akaisikia ikipungua, akaendelea kusema. Namkunda alipoingia asubuhi alimkuta bado anasema, na kaka yake amekwisha kuwa baridi.

Walimzika Sangiwa. Watu walipotawanyika, Namkunda alihamia kwa wifi yake, wakawa wanalindana wao kwa wao na kumlinda mtoto, kila mmoja akisinzia kidogo tu kwa kipimo cha mtoto, kabla hajaanza kutweta. Wote wawili walikonda. Siku moja Namkunda alisema lile ambalo kila mmoja alikuwa akilificha: "Wifi, mmoja wetu akiugua, tutamwacha nani?"

Nakijwa alimfunga mtoto mgongoni, akapanda msituni, huku akimsemea pumzi njia nzima. Wakati ule Muumba hajajitenga na watu. Alikaa kule juu, penye udongo mweupe, akifinyanga vichwa vya watu ambao hawajazaliwa.

Nakijwa akamweleza yote. Hakulia. Alisema tu kwamba hataki mwanamke mwingine achague kama alivyochagua yeye.

Muumba akamchukua Nanzia, akakipapasa kichwa chake pale penye utosi laini. Akasema anaweza kumwekea mlinzi pale shingo inapokutana na kichwa, mlinzi asiyelala, wa kuendesha pumzi na moyo bila kuulizwa. Ila ubongo umejaa. Ataukunja kama nguo ndefu inavyokunjwa ili iingie kikapuni, na kila kazi ataipa mahali pake, lakini hata hivyo nafasi haitatosha. Lazima kitu kiondoke.

Nakijwa akauliza ni kitu gani.

"Kumbukumbu za mwanzo," Muumba akasema. "Miaka ya kubebwa. Hatakumbuka mkono wako kifuani mwake. Na baba yake hatamjua kabisa."

Hapo Nakijwa akaketi chini. Angeweza kuvumilia kusahauliwa yeye, maana yeye angekuwapo. Lakini Sangiwa yule wa nyumbani mwao, mume na baba, alikuwa amebaki mahali pawili tu, kichwani mwake Nakijwa na kichwani mwa mtoto huyu, na sasa alikuwa akiombwa amfute mahali pamoja. Mwishowe akasema, "Mwekee. Atakayosahau nitamwambia mimi."

Muumba akafanya kazi yake, kisha akavifanyia vivyo hivyo vile vichwa vya watu ambao hawajazaliwa. Aliporudishiwa mtoto, Nakijwa alifungua kinywa aseme, "Vuta," akaona kifua kidogo kinapanda chenyewe. Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mwanawe bila kusema neno.

Nanzia akakua. Alipofikia umri wa kuuliza, mama yake alimketisha, akamsimulia habari za baba yake, hata ule ukuta aliougeukia. Nanzia alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mtoto habari za mtu mgeni. Kisha akauliza, "Alikuwa na sauti ya namna gani?" Nakijwa akajaribu kuiigiza, akashindwa, akajaribu tena. Ndipo wote wawili wakalia.

Na tangu siku ile ya msituni kila anayezaliwa hulala peke yake na kuamka salama. Ukitaka kuzuia pumzi utaizuia kidogo tu, kisha yule mlinzi atakunyang'anya na kuivuta mwenyewe. Na tangu siku hiyo hakuna anayekumbuka alivyobebwa. Kila mmoja wenu alikeshewa na mtu, na hamjui lolote juu ya hilo. Ndiyo maana sisi wakubwa hatuchoki kuwaambia.