Pimbi Aliyejitafutia Kesi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika, na wakigombana wakafikishana mahakamani, aliishi Bibi Pimbi. Alikuwa mdogo, wanangu, wa kutosha kapuni. Lakini akili yake ilikuwa kali, na kwa miaka tisa aliwatetea wanyonge mbele ya Jaji Tembo.

Siku moja likatoka tangazo: anayemsemea mwenzake mahakamani lazima awe na leseni, na leseni hupewa aliyefaulu mtihani wa Mzee Kiboko.

Mzee Kiboko hakuwa na nia mbaya. Mwaka uliotangulia Nyani alijifanya wakili, akampotezea Digidigi shamba zima. Lakini Kiboko alipima jambo moja tu: kukariri vifungu mia tatu vya sheria, neno kwa neno. Bibi Pimbi akaufanya mtihani mara mbili, akaanguka mara mbili. Nyumbu, ambaye hajawahi kumtetea hata mende, akapata alama tisini na nane.

Bibi Pimbi akarudi kwake, akajifunika shuka gubigubi mchana kweupe. Aliona aibu hata kwenda kisimani.

Mara, pu pu pu! Mama Kanga akaingia, manyoya yamemtimka.

"Dada, Fisi anasema nyumba yangu ni yake. Kesho anakwenda kunishtaki, na nina mayai kumi na mawili kiotani. Amemchukua Nyumbu awe wakili wake. Nisaidie kusema."

"Siruhusiwi, mdogo wangu. Nimefeli."

"Basi nimekwisha. Mimi mbele ya watu natetemeka tu."

Bibi Pimbi akalikunja shuka, akachukua mkeka na sufuria. "Twende kwako. Nahamia leo."

Jioni Fisi alipopita kuitazama nyumba, akamkuta Pimbi anafagia mlangoni, fya, fya, fya.

"Wewe unafanya nini humu?"

"Nakaa humu, bwana. Ukiitaka nyumba hii, itabidi utushtaki wote wawili."

Fisi akacheka mpaka akakohoa. Pimbi asiye na leseni angemfanya nini? "Nitawashtaki wote," akasema. Na kweli akafanya hivyo.

Siku ya kesi, Nyumbu akasimama, akatiririsha vifungu kumi na vinne bila kuvuta pumzi. Fisi naye akaapa kwamba aliijenga nyumba ile mwenyewe na kuishi humo miaka mingi. Kisha Bibi Pimbi akainuka.

"Kaa chini," akanguruma Mzee Kiboko. "Huna leseni ya kumsemea mtu."

"Simsemei mtu, mzee wangu. Mimi ni mshtakiwa wa pili. Najisemea mwenyewe."

Jaji Tembo akafunua kitabu, akafunga. "Ni haki yake. Endelea."

Akamgeukia Fisi. "Bwana Fisi, pole kwa ule upepo wa masika uliovunja mlango wa nyuma. Uliutengeneza mwenyewe, au uliita fundi?"

Fisi akawaza: nikisema fundi, ataniuliza jina lake. "Mwenyewe," akajibu.

"Kwa mbao gani?"

"Mvule. Mlango imara kabisa."

Nyumbu akamtazama mteja wake, akatafuta kifungu cha kumwokoa. Hakukipata.

"Mheshimiwa Jaji," akasema Pimbi, "tuma karani akautazame mlango huo."

Karani Ngiri akatoka, tifu tifu, akarudi anahema. "Mheshimiwa, nyumba ina mlango mmoja tu, wa mbele. Nyuma ni ukuta mtupu."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Jaji Tembo akaitupa kesi, Fisi akaondoka upesi, mkia chini ya tumbo, na Mama Kanga akarudi kwenye mayai yake.

Jaji Tembo akamgeukia Kiboko. "Huyu ulimpa alama ngapi?"

"Thelathini na moja," akasema Kiboko polepole. "Sikumuuliza maswali ya namna hii."

"Basi uliza."

Mtihani haukufutwa. Nusu ukabaki wa vifungu, nusu ukawa wa kutetea kesi mbele ya jaji. Bibi Pimbi akasoma usiku na mchana, maana vifungu navyo vina kazi yake. Safari hii akafaulu vifungu kwa alama mbili tu za ziada. Kwenye kesi hakuna aliyemkaribia.

Hapo ndipo ninapoishia, wanangu, nanyi mshike hili: anayetaka kumpima mtu kwa haki, ampime kwa kazi atakayoifanya.