Lango la Mtaa Mzima

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake, hata fundi wa kutajika ipo kazi itakayomshinda mpaka wengine watie mkono. Seremala mmoja mzee hakukubaliana nao. Kila aliyejitolea kumshikia ubao alijibiwa, "Sisaidiwi!" Majirani wakambandika jina hilo, naye akalivaa kama kilemba.

Watengenezaji wa filamu ya mambo ya kale, iliyohusu mfalme aliyezingirwa na adui, walimpa Mzee Sisaidiwi kazi ya kujenga lango la mji. Alilijenga peke yake. Siku moja kabla ya kupigwa picha za vita, dhoruba ililiangusha likavunjika vipande vipande.

Mwongozaji wa filamu alishika kichwa. "Mzee, anayeigiza mfalme anasafiri kesho jioni. Bila lango hakuna vita, na bila vita hakuna filamu!"

Mbao zilikuwa zimekwisha. Sisaidiwi alirudi nyumbani amenywea kama jogoo aliyenyeshewa. Mkewe alimsikiliza, kisha akasema, "Si kuna milango mtaani?"

"Mke wangu, mimi nimwombe mtu mlango wake? Uso nitauweka wapi?"

"Uache hapo hapo ulipo, uende nao kwa jirani."

Akaenda, ulimi mzito kama jiwe la kusagia. Mshona nguo alimkodolea macho.

"Wewe? Unaomba? Hebu rudia, mke wangu naye asikie!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akachukua bisibisi akaanza kufungua bawaba.

Mwuza mkaa alijitwisha mlango wake begani. "Wezi wakija, nitawaambia umekwenda vitani."

Kulipokucha, milango ya mtaa ilikuwa imeunganishwa na kupakwa udongo na majivu. Rangi za buluu na kijani zilifichika, na lango likasimama kama lililojengwa na mababu wa mababu.

Mwuza mkaa alikuwa miongoni mwa walioigiza askari wa adui, wakibeba gogo la kubomolea. Walikuja mbio wakinguruma. Walipobakiza hatua moja tu, akasimama ghafla, wenzake wakarundikana mgongoni mwake.

"Kata!" mwongozaji akafoka. "Kuna nini tena?"

"Huu mlango wangu, bwana! Nikiupasua, shemeji yenu atanilaza nje!"

"Basi piga wa mshona nguo!" askari mmoja akadakia.

"Thubutu!" mshona nguo akajibu kutoka juu ya ukuta, mkuki mkononi.

Hata mfalme alicheka, taji likamwangukia puani.

"Pigeni tu, ndugu zangu," Sisaidiwi akasema. "Utakaopasuka nitautengeneza upya."

Wakapiga. Lango likatikisika, likaguna, lakini halikuanguka. Picha ikapatikana kabla jua halijazama.

Mwaka uliofuata filamu iliteuliwa kuwania tuzo kubwa, na lango lile likatajwa katika sifa zake. Mpiga picha wa gazeti akaja mtaani.

"Nataka picha ya fundi mwenyewe, peke yake," akasema.

Zamani Sisaidiwi angetunisha kifua. Safari hii alitoka barazani akaanza kuita. Mshona nguo akaja na utepe shingoni, mwuza mkaa na masizi yake, wake zao na watoto, mpaka barabara ikajaa. Mpiga picha alirudi nyuma, akarudi tena, hadi mgongo wake ukagota ukuta wa ng'ambo.

"Mzee, niliambiwa ni mtu mmoja!"

"Walikudanganya, mwanangu." Kisha akawageukia majirani. "Ahsanteni. Deni hili la wema sitalimaliza. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa."