Nani Asome Hesabu ya Moshi?

Haya, mwenye kukohoa akohoe sasa. Nikianza sitaki kelele, na nikimaliza nitawauliza.

Palikuwa na wanawake watatu katika ofisi ya serikali ya kuhesabu moshi, yaani zile gesi zinazoitia dunia joto. Zamda alikuwa na miguu: hakuna bomba la kiwanda asilolipanda, wala zizi asiloingia, maana ng'ombe naye akicheua hutoa gesi. Tunu alikuwa na kichwa: umpe vipimo vya nchi nzima, akurudishie jumla moja isiyo na ubishi. Sikitu alikuwa na mdomo. Ah, mdomo ule! Ungemsikiliza kidogo tu ungemkabidhi funguo za nyumba.

Sasa nchi ile ilikuwa na mazoea yake. Kila mwaka, kabla hesabu haijatangazwa, wakubwa waliletewa waione kwanza. Mazoea hayo waliyaita kuonja. Ikifika kwa wananchi, wao wameshapanga maneno ya kuipaka asali. Mwaka ambao moshi wa kiwanda cha saruji cha Mawengo ulizidi maradufu, walisimama wakatangaza kwamba saruji imestawi. Watu wakapiga makofi! Mama yake Zamda, anayeishi ubavuni mwa kiwanda hicho na kifua kinambana, naye alipiga.

Zamda alilia kwa hasira. Mwaka uliofuata akagoma kukabidhi vipimo mpaka kuonja kukome. Wakubwa walipotishia kumfukuza, akawaambia, "Nifukuzeni, mkawafuate ng'ombe wenyewe."

Wakamgeukia Tunu, achukue vipimo vya zamani apike jumla. Tunu akaweka kalamu mezani. "Mimi najumlisha, sipiki." Akasimamishwa kazi.

Sikitu naye akaenda mbele ya kamati ya bunge, peke yake, akasema hadi waliokuja kumzomea wakawa wanaitikia kwa vichwa. Sheria ikapita: ukiwatoa wanaoijumlisha hesabu, asiione mtu kabla ya wananchi wote.

Tunu akarudishwa kazini, vipimo vikakabidhiwa. Serikali ikasema mmoja wa hao watatu ndiye atakayeisoma redioni, nchi nzima imsikie. Mitaani kote jina likawa moja tu: Sikitu, Sikitu! Zamda akaona wivu, tena wivu wa kumkosesha chakula. Kwao Mawengo bado walimcheka kuwa ni mchunga ng'ombe mwenye diploma. Alitaka mama yake amsikie, mara moja tu.

"Shoga," akamwambia Sikitu, "wewe ulisimama kwenye zulia. Mimi nilisimama kwenye samadi."

"Na samadi yako ingebaki samadi nisingeisemea," Sikitu akajibu. "Nipeni hesabu jioni nifanye mazoezi, kesho niwatoe machozi."

"Uipate jioni?" Tunu akauliza polepole. "Si ndiyo kuonja huko?"



"Basi soma wewe," Sikitu akafoka. "Wewe unayeijumlisha umeshaiona!"

Ni kweli, Tunu peke yake angeiona mapema na kuisoma bila sheria kuguswa. Lakini Tunu akisimama mbele ya watu hata jina lake hulimeza, na nchi ingeambulia mguno.

"Nitasoma mimi," Zamda akasema. "Nikabidhiwe palepale redioni, bila kuiona kabla."

Sikitu akacheka. "Tarakimu ndefu vile? Ukikosea moja tu, wakubwa watasema hesabu nzima ni ya uongo. Na usijidai, Zamda. Si sheria inayokusumbua, ni roho inayokuuma."

Na ilikuwa inamuuma kweli.

Kulipokucha wote watatu walikuwa mlangoni mwa studio, hawasemeshani, na mtangazaji anauliza nani aingie. Huko Mawengo mama amekaa mbele ya redio, anasubiri kuambiwa anavuta nini.

Haya, msinitazame mimi. Aingie mwenye mdomo anayetaka kuonja kwanza, mwenye haki asiyeweza kutamka, au mwenye wivu anayeweza kukosea? Je, wewe ungemfungulia nani mlango?