Nani Ashike Usukani wa Gari la Mzee Jeremia

Kaeni hivyohivyo mlivyokaa. Anayetaka kusinzia na asinzie, ila nikifika mwisho nitamwamsha, kwa sababu mwisho wa hadithi hii sina mimi, mtanipa nyinyi. Na msinihimize. Ni hadithi ya watu waliochoka, nami leo nimechoka, kwa hiyo tutakwenda nayo taratibu.

Huko milimani Lushoto, kwenye nyumba ya bati jekundu juu ya barabara iendayo Soni, palikuwa na watu watatu wenye vipawa vitatu.

Elineema, binti mkubwa wa nyumba ile, alikuwa na mikono inayosubiri. Alifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini, na mikono yake ilijifunza kutovuta kitu kabla hakijawa tayari kutoka.

Zefania, mdogo wake, alikuwa na mikono inayounda. Alikuwa mchonga vyuma huko Tanga, na ukimpa kitu kilichovunjika atakuletea pacha wake.

Mashavu, mke wa Zefania, alikuwa na jicho. Alikuwa fundi cherehani, cherehani yake ikikaa barazani, na alikuwa akikutazama ukipita tu anajua bega lako lipi limeshuka.

Baba wa nyumba ni Mzee Jeremia Shekiondo. Zamani alishindana mbio za magari za milimani, na gari lake la mbio zile bado analo: jekundu, milango miwili, viti viwili basi, limekaa chini kama mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu. Miaka kumi na mitatu lilikuwa bandani. Injini ilikuwa ikiwaka, lakini miguu ilikuwa imekufa. Bushi, zile pete za mpira zinazokaa kwenye maungio ya magurudumu, zilikuwa zimekauka na kumeguka. Springi zimelala. Shokapu zimevuja mpaka hazina cha kuvuja. Mafundi wawili wa mjini waliitwa, na wote wawili walisema kata hapa, chomelea pale, funga springi za pikapu. Mzee akawaambia ahsanteni, chai iko mezani, kwaherini.

Kisha macho yake yakaanza kufa. Ilikuwa ni presha ya macho. Daktari alisema mwanga uliobaki ni wa wiki, si wa miaka, akampangia siku ya kwenda kupasuliwa Moshi. Upasuaji huo ungeweza kuokoa kidogo, au usiokoe kitu.

Mzee akawaita wale watatu.

"Nataka kwenda Soni na kurudi, kwa gari langu, kabla sijapelekwa Moshi," alisema. "Nataka nizione zile kona, hata kama nitaziona kwa ukungu. Mimi siendeshi tena. Atakayelisimamisha tena gari langu kwenye miguu yake ndiye atakayeshika usukani, na tukirudi gari ni lake."

"Baba, tukilisimamisha wote?" Elineema aliuliza.

"Usukani ni mmoja. Mtaniambia nyinyi ni nani. Na sitaki kubadilishiwa dereva njiani, mimi si basi."

Niwaambie wazi alichokitaka Elineema, maana hakumwambia mtu. Hakulitaka gari. Alitaka kukaa humo. Alipokuwa msichana, kiti cha kando ya baba kilikuwa cha Zefania, tangu Zefania hajaweza hata kuona juu ya dashibodi, kwa sababu mtoto wa kiume lazima ajifunze. Yeye aliambiwa, "Elineema, fungua geti." Alifungua, gari likatoka, akafunga. Likirudi alifungua tena. Sasa ana miaka hamsini na minne, miaka tisa ya mwisho ameimaliza akimwogesha baba yake na kumkatia nyama vipande vidogo, na hajawahi kukaa ndani ya gari lile hata siku moja. Linamuuma jambo hilo, tena linamuuma kila siku.

Na wenzake nao walikuwa na yao. Ni Zefania aliyeliingiza gari mtaroni mara ya mwisho, miaka kumi na mitatu iliyopita, na baba hakumgombeza. Alilifungia tu bandani. Zefania angependa zaidi agombezwe. Mashavu ameolewa pale miaka ishirini, na mpaka leo mzee akimwita chakulani anasema, "Mkaribisheni mgeni."

Basi wakaanza kazi, palepale nyumbani, bandani.

Kufungua ilikuwa kazi ya Elineema. Boliti za gari lile haziuzwi popote siku hizi; ukikata moja, safari imeishia hapo. Na zote zilikuwa zimeshikana na kutu. Alizilowesha mafuta asubuhi na jioni, kila moja kwa zamu yake, kama anayesafisha vidonda wodini. Akishika spana, anajaribu. Ikikataa, anaacha. Zefania alipokuja siku ya kwanza akataka kuweka bomba kwenye spana aongeze nguvu, naye akamwondoa mkono. "Hii bado, mdogo wangu. Kanywe chai." Siku arobaini na moja alilala chini ya lile gari, kutu ikimwingia machoni, kiuno kikimuuma hata kuinuka ni mpaka ashike bampa. Springi alizifunga kwa mnyororo na kuzishusha kwa jeki kidogo kidogo, kwa sababu springi ikikuruka inaweza kukuua. Boliti zote zilitoka nzima. Hakuna iliyokatika.

Kuunda, siku hizohizo, ilikuwa kazi ya Zefania. Bushi nane zilihitajika, na hazikuwepo dukani wala bandarini. Alipata kipande cha mpira mgumu wa mkanda wa mashine ya mkonge, akakifunga kwenye mashine yake ya kuchongea. Mpira ukakikwepa kisu. Ukiusukuma unabonyea, ukiuachia unarudi, na shimo linatoka limepinda. Aliharibu vipande sita. Ndipo akamwendea mama mmoja anayeuza barafu za ukwaju, akamwomba aweke mpira wake ndani ya friza mpaka ugande. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini, lakini alimruhusu. Mpira uliotoka humo ulikuwa mgumu kama mfupa, na Zefania alikuwa na dakika chache tu za kuuchonga kabla haujalegea. Wiki tano alitoka kazini akaenda kwa mama wa barafu, akarudi kwenye mashine, na kisu kikamla ncha ya kidole. Alipata bushi kumi: nane za kazi, mbili za akiba. Shokapu nazo alizifungua, akazitia mafuta na sili mpya za kuzuia yasivuje.

Sasa ikaja siku ya kufunga. Hapa nisikilizeni vizuri.

Mzee Jeremia alikuwa na neno lake moja. Mtoto akiugua homa, alimwambia, "Kaza." Elineema alipopanda basi kwenda chuo cha uuguzi akilia, alimwambia, "Kaza, mwanangu." Siku walipomzika mama yao aliwaambia wote, "Kazeni." Kwake neno hilo lilikuwa pole, lilikuwa kwaheri, lilikuwa nakupenda. Hakuwa na jingine.

Siku hiyo aliletewa kiti bandani. Gari lilikuwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yananing'inia. Zefania alikuwa upande mmoja, Elineema upande mwingine, wanaingiza ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu, pamoja na bushi zake, wanahema. Mzee akawasikia wanavyohema, akawaonea huruma.

"Kazeni, wanangu," akasema. "Kazeni."

Nao wakakaza. Walikaza kila nati mpaka mwisho, gari likiwa bado linaning'inia. Elineema alihisi kuna kitu hakiko sawa, lakini alikuwa amechoka, na baba amesema kaza.

Waliposhusha gari likasimama juu juu, halikai chini. Zefania akalizungusha uani mara tatu, likaanza kulia kilio kilekile lilicholia bushi za zamani zilipokuwa zikimeguka. Walipofungua, bushi mbili zilikuwa zimechanika kabisa. Kazi ya wiki tano imechanika uani, na safari ya Moshi imebaki siku nne. Zefania alikaa juu ya tairi, akakitazama kidole chake kilichofungwa kitambaa. Elineema aliweka spana chini, maana hata hasira inataka nguvu.

"Lile gari mmelikaza likiwa angani," Mashavu akasema kutoka barazani.

"Nini?" Zefania akauliza.

Mashavu akaacha cherehani, akaja na chaki yake sikioni. "Mimi nikipima pindo la gauni, mteja simkalishi kwenye kiti. Anasimama, na viatu amevaa. Nikilipima amekaa, akisimama gauni linamvuta. Hizo pete zenu mmezifunga gari halijakanyaga chini. Lilipokanyaga, zikajinyonga." Akamgeukia Elineema. "Wifi, legezeni zote. Gari lisimame kwa miguu yake, na watu wake ndani, ndipo mkaze."

Zefania akataka kubisha. Kisha akaishika bushi iliyochanika, akaona imepasuka kwa kuzungushwa, akaiokota spana.

Walitia zile mbili za akiba. Wakaliweka gari juu ya magogo manne mapana, uzito wote ukiwa kwenye magurudumu, na chini pakabaki nafasi ya mtu kulala. Mashavu akasema watu wake waingie, kwa hiyo mzee akashikwa mkono akaketishwa kiti cha abiria. Kwenye kiti cha dereva waliweka gunia la mahindi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukaa pale. Mashavu akainama na futi yake ya kushonea, akapima kutoka ardhini mpaka kwenye bodi, kona zote nne, akaziwekea alama za chaki.

Elineema akaingia chini. Zefania akamwambia baba kwamba kwanza inabidi kila kitu kiachiwe.

Sauti ya mzee ikashuka kupitia sakafu ya gari. "Haya. Legeza, Elineema. Legeza, mama."

Elineema hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa baba yake. Alilala pale chini na spana kifuani, machozi yakamtiririkia masikioni, na wala hakuyafuta. Hakulia kwa ajili ya gari. Alipomaliza kulia akalegeza nati zote, Mashavu akapima tena kwenye alama zake, akaona gari limeshuka sawasawa kona zote nne, akasema sawa, na Elineema na Zefania wakakaza upya.

Gari likashuka kwenye magogo, likakaa chini vile lilivyokaa zamani. Zefania akalizungusha uani mara kumi. Halikulia.

Asubuhi ya safari mzee alivaa koti lake la mbio. Wakamkalisha, wakamfunga mkanda. Injini ilikuwa imewashwa tayari, na mlango wa dereva uko wazi.

"Haya," akasema. "Ni nani?"

Zefania akasema kwa sauti ya chini, "Dada, bila zile bushi mngefunga hewa."

Elineema akasema, "Na bila boliti zangu ungezivaa mwenyewe bushi zako."

Mashavu akasema, "Vyote viwili mlikuwa navyo, wifi, na gari likalia." Hakusema kwa ubaya. Alisema akiitazama ile chaki mkononi mwake.

Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alijua mwenzake amesema kweli. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana. Elineema alimtazama mdogo wake na kile kidole, akamwonea huruma. Akamtazama wifi yake, aliyefunga kitambaa kizuri kichwani kana kwamba ni siku ya kuposwa, akamwonea huruma pia. Kisha akajikuta anajionea huruma mwenyewe, na hilo hakulizoea.

Mzee alikuwa ameugeuzia uso mwanga, macho yamefunguka, yanamtafuta mtu pale mlangoni. Aliona vivuli vitatu, hakujua kipi ni cha nani. Akanyoosha mkono, akaupapasa usukani, akaugonga kwa vidole.

"Aingie basi, jua linapanda," akasema. "Na mmoja wenu akafungue geti."

Zefania na Mashavu hawakumaanisha kitu, lakini wote wawili walimtazama Elineema. Na miguu ya Elineema ilikwishaanza kwenda yenyewe. Ilikwenda hatua mbili kuelekea getini, akasimama.

Mimi nawaachia hapo. Mwamsheni huyo aliyelala. Mmoja alifungua kilichokataa kufunguka, mmoja akaunda kisichopatikana, mmoja akaona wasichokiona wenziwe. Bila yeyote kati yao gari lingekuwa bandani mpaka leo, na mwanga wa mzee haungoji. Mlango uko wazi na geti limefungwa. Je, wewe ungemwambia nani aingie, na nani ungemtuma akafungue geti?