Daktari Aliyekuja Bila Mkeka

Jicho la kushoto la Bi Moelagi lilikufa kwa surua tangu utotoni. La kulia ndilo lililomfanya awe msusi wa mikeka hodari kuliko wote katika kisiwa cha Savai'i. Mtoto wa jicho alipolifunika hilo nalo, alikwenda kupasuliwa na daktari kijana, Lautafi, akiwa na matumaini tele. Kumbe mambo yangeharibika mezani: kifuko chembamba kinachobeba lenzi kilipasuka, na lenzi mpya ikakosa pa kukaa. Bibi alirudi nyumbani akiona ukungu mtupu, mweupe kama tui la nazi.

Wiki sita alikaa kimya kama maji mtungini. Kaka yake Tuiloma, mkuu wa ukoo, ndiye aliyefoka kwa niaba yake.

"Atakuja tu huyo kijana! Atajifunika mkeka kichwani, atakaa hapo uani, nami nitamwacha aive kama gimbi kwenye mawe ya moto."

Ndivyo mkosaji anavyoomba radhi kwao. Aliyekosewa akimfunua, yamekwisha.

Asubuhi moja Daktari Lautafi alikuja kweli, lakini mikono mitupu.

"Mkeka uko wapi?" Tuiloma alinguruma. "Au huko chuoni mlifundishwa dharau?"

Daktari aliketi chini, akainamisha kichwa. "Si dharau, mzee wangu. Nimeuacha garini. Mama, nikijifunika, najua utanifunua kwa huruma yako, tutakula pamoja, na mambo yatakwisha. Mimi sitaki yaishe. Uvimbe umepungua. Lenzi inaweza kushonewa ndani ya jicho."

"Ehe! Amekuja kulimalizia!" Tuiloma alifoka.

"Naweza kulipoteza kabisa?" Moelagi aliuliza.

"Ndiyo, mama. Siwezi kukuficha."

Ukungu ulikuwa mchungu, lakini giza kamili lilimtisha zaidi.

"Siku ile mkono wako ulitetemeka?"

"Haukutetemeka, mama. Ulitetemeka baadaye, nilipokuona ukiupapasa mlango."

Moelagi aliinuka. Kisha akasema, "Tuiloma, nipe fimbo yangu twende. Na uache kelele, jicho si lako."

Safari hii daktari bingwa wa Apia, mji mkuu, ndiye aliyeshona, Lautafi akimsaidia. Bandeji ilipofunguliwa, ukungu ulikuwa uleule. Tuiloma aligeukia ukutani. Lautafi hakukata tamaa, kila siku alikuja mwenyewe kutia dawa ya kutuliza uvimbe wa upasuaji, tone baada ya tone, na kila siku Moelagi alijibu, "Bado, mwanangu."

Siku ya tisa, bibi alimkazia kaka yake jicho kwa muda mrefu.

"Kaka, hizo nywele masikioni zimeota lini? Umekuwa kama mbuzi!"

Tuiloma, aliyenguruma kama bahari, aliangua kilio mbele ya wodi nzima. Lautafi naye akafuta machozi kwa mkono wa koti lake. Siku ile ya upasuaji wa kwanza koleo lilivunjika kweli, lakini hawakuuacha moto uzimike. Maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.