Barafu za Asumini na Ulimi wa Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati msitu mzima ulikuwa na friji moja tu, na friji yenyewe ilikuwa ya Fisi, aliishi Kindi mdogo na bibi yake. Mama yake alikuwa yaya kwa Simba, ng'ambo ya bonde, akilea watoto wa wengine. Ruhusa alipewa siku moja tu kwa mwezi.

Kabla hajaenda kazini, mama alikuwa akichemsha maua mekundu ya rozela, anatia sukari, anachuja, kisha anamimina kwenye vifuko na kutumbukiza ua moja la asumini katika kila kifuko. Barafu ikiganda, ua linabaki katikati kama limelala. Kindi alijua kuzitengeneza vilevile. Alitaka mama aje azikute, ajue nyumbani hajasahauliwa.

Tatizo lilikuwa Fisi. Kila aliyegandisha kwake alipaswa kumwonjesha moja, lakini Fisi hakujua kuonja. Mwezi uliopita alizila zote sita. Mama akaja, akanywa maji ya mtungi, akaondoka. Kindi alilalia khanga aliyoiacha mama siku tatu, mpaka harufu yake ikaisha.

Mara hii alipeleka vifuko sita jioni ya kuamkia ruhusa ya mama, akarudi alfajiri. Alimkuta Fisi ameshafungua friji, mate yanamdondoka, do, do, do.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umewahi. Ndiyo kwanza nataka kuonja."

"Onja, mjomba. Ila za vifukoni zimebaki maji matupu. Utamu wa maua usiku hupanda ukutani. Si unaona ile nyeupe? Mama alinikataza kuilamba, anasema ni ya wakubwa."

Fisi aliutazama ukuta wa friji, mweupe kwa barafu. "Kwani mimi ni mtoto?"

"Hapana, mjomba. Lakini ukilamba kwa ncha tu, hutasikia kitu."

Fisi akautoa ulimi wote, akaubandika. Nata! Akavuta, haukutoka. Akavuta tena, friji ikamfuata.

"Nithaidie, mwanangu!"

Kindi alichomoa waya wa friji, akamwambia atulie, barafu ikiyeyuka itamwachia. Kisha akachukua vifuko vitano. Kimoja akakiacha, maana desturi ni desturi.

Alikimbia hadi njia ya bondeni, akakaa kumngoja mama. Jua likapanda. Vifuko vikaanza kulegea mkononi, akavihamishia kivulini, kivuli nacho kikahama.

Mama alipotokea, vyote vilikuwa maji mekundu, na maua yakielea. Kindi alimpa kimoja, ameinamisha macho.

Mama alitoboa kona kwa jino, akanyonya taratibu hadi likabaki ua.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe."

Mama alimpakata mpaka saa ya kurudi ilipofika, akalifunga lile ua kwenye pindo la khanga, akaondoka nalo.

Nami hadithi yangu imeyeyukia hapo: anayetamani vyote vya mwenzake, hunaswa kwa ulimi wake mwenyewe.