Ufunguo wa Kiunzi

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kuamua aume ulimi kwanza, maana kesi hii imewagombanisha watu wazima wenye akili zao.

Paliondokea mjini Tabora marafiki watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nyamizi alikuwa fundi wa msimbo, maandishi yanayoiamuru kompyuta. Ukimwambia unataka kitufe kinachowaka kikiguswa, chai haijapoa umeshakiona kwenye skrini. Mihayo alikuwa haoni tangu utotoni, lakini simu yake ilimsomea kila kilichoandikwa, na kitufe kibovu alikitambua kwa sikio tu. Wa tatu, Sikudhani, kazi yake ilikuwa kusimika mifumo kwenye kompyuta za watu. Kompyuta uliyokwisha kuikatia tamaa, mpe Sikudhani.

Wakaunda Kiunzi, maktaba ya vipande vya skrini: vitufe, menyu, visanduku vya kujazia. Kilikuwa wazi kwa wote. Atakaye achukue bure, afungue ndani aone kilivyoundwa, ajengee mfumo wake. Ila ufunguo wa kupitisha mabadiliko alikuwa nao Nyamizi peke yake. Alikiita mwanangu, na wenzake wakamtania: "Mama Kiunzi, mtoto amekula?"

Vituo vya afya vikakitumia kuombea damu. Nesi anajaza, anabonyeza Tuma, ombi linafika kwenye hifadhi ya damu.

Sasa balaa. Asubuhi moja Nyamizi aliona msimbo wa kitufe umejaa viraka, akaufagia. Akabadilisha namna kinavyopokea kuguswa, hakumuuliza mtu, akapitisha. Mchana ule simu ya Sikudhani ikalia. Alikuwa Nesi Paskazia wa kituo cha Igombelo.

"Dada, kuna mama amejifungua, anavuja damu! Nimebonyeza Tuma, nimesubiri wee! Nawapigia watu wa hifadhi ya damu, wananiambia hawajaona ombi lolote."

Damu ilifika imechelewa. Yule mama aliponea chupuchupu. Nyamizi aliposikia, alikaa sakafuni. Na vituo vingine bado vilikuwa vinabonyeza.

Mihayo akaweka simu sikioni, akagusa kitufe kimoja baada ya kingine. "Hiki hapa," akasema. "Zamani ukikigusa kinajibu 'Imetumwa'. Sasa kinataja jina lake tu, 'Tuma', kisha kimya."

Nyamizi akafungua msimbo akakiunda upya, huku machozi yanamdondoka. Hakuna mwingine aliyeujua ule msimbo kwa ndani.

Sikudhani naye alivipigia vituo vyote waache kubonyeza. Vyenye mtandao akavisimikia toleo jipya palepale. Vile ambavyo mtandao ulikuwa umekatika mchana ule akavifuata kwa bodaboda, flashi mfukoni, akarudi amejaa vumbi hadi kwenye kope.

Mtamsifu nani hapo? Ngojeni kwanza.

Daktari Lubango, msimamizi wa vituo vile, akawaita. "Kiunzi kitabaki kwa sharti moja. Ufunguo aushike mtu mmoja, na huyo ndiye nitakayemkamata kitufe kikinyamaza tena. Mniletee jina, la sivyo nakiondoa kote."

Wakarudi ofisini kwao wamenuniana.

"Nyamizi, nakupenda," alianza Sikudhani, "lakini ni wewe uliyebadilisha bila kuuliza. Nipe mimi. Manesi wananijua kwa jina."

"Na nani alikisimika kijichukulie kila toleo jipya chenyewe, bila mtu kulijaribu? Si wewe?"

"Niliwaonea huruma, wasihangaike!"

"Huruma yako ndiyo iliyolifikisha kosa langu Igombelo."

Mihayo akakohoa. "Mimi asubuhi ile nilikisikia kikinyamaza. Nikadhani simu yangu ndiyo mbovu. Nikaizima, nikaiwasha, nikaendelea na maandazi yangu."

Loo!

"Na bado nautaka ufunguo," akaendelea Mihayo. "Nani mwingine hapa anayesikia?"

Nyamizi aliumia. Kuutoa ufunguo kulikuwa kumkabidhi mtu mwingine mwanawe, kisha yeye abaki mlangoni akibisha hodi. Kubaki nao nako kulimtisha, kwa kuwa kila alipogusa kibodi alisikia sauti ya Nesi Paskazia. Akavuta kompyuta. Skrini ikamwonyesha kisanduku kitupu kikidai jina la mwenye ufunguo, na wenzake wakamwachia yeye alijaze.

Mimi nimeleta kesi, hukumu sikuibeba. Yupo aliyekijenga, akakivunja, akakijenga tena. Yupo aliyelisikia kosa akalinyamazia, kisha akawa yeye wa kulifichua. Yupo aliyekisimika kote, kikiwa kibovu na kikiwa kizima. Bila yeyote kati yao tusingekuwa na Kiunzi, na yeyote kati yao angekuwa makini, damu isingechelewa.

Haya, tuseme yule mama wa Igombelo ameketi hapa kati yetu, mtoto mapajani, anakutazama. Wewe ungeandika jina la nani?